Kabla Hujanunua Kifaa cha Chiti, Pindua Mashine Usome Namba

Kifaa cha chiti ni kile kinachompa mchezaji msaada ambao gemu halitoi lenyewe, kama maisha au pesa zisizoisha. Vijana wengi wanaoniletea PlayStation za zamani hapa Mwanjelwa, Mbeya, huja na lalamiko linalofanana: "Fundi, nimenunua kifaa cha chiti, nimelipia mpaka usafiri, halafu mashine haikitambui." Nikipima nakuta kifaa kizima, mashine nzima. Kilichokosekana ni maswali machache kabla pesa haijatoka mfukoni: mashine hii ni ya toleo gani, kifaa hiki kilitengenezewa toleo gani, na gemu lenyewe lilitolewa kwa soko la wapi. Hayo matatu yasipokubaliana, hakuna fundi wa kuyapatanisha kwa bisibisi.

Nianze na PlayStation ya kwanza, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Vifaa vyake vya chiti, yaani Action Replay ya kampuni ya Datel ya Uingereza na GameShark iliyouzwa Marekani, huchomekwa nyuma ya mashine kwenye tundu pana lenye kifuniko kidogo cha plastiki, lililoandikwa PARALLEL I/O. Tundu hilo lipo kwenye matoleo ya mwanzo mpaka yale ya mfululizo wa 7500. Mfululizo wa 9000 ulipotoka, Sony walikuwa wameliondoa. PS one, ile ndogo nyeupe ya mviringo iliyotoka mwaka 2000, haina kabisa. Kwa hiyo pindua mashine, soma kibandiko cha chini. Ukiona SCPH-1002, 5502, 7002 au 7502, una pa kuchomeka. Ukiona SCPH-9002 au SCPH-102, kifaa cha kuchomeka nyuma hakikufai, hata muuzaji akuapie kwa jina la mama yake.

Angalizo moja hapo. SCPH-9002 bado ina tundu dogo nyuma, lililoandikwa SERIAL I/O. Hilo ni la kuunganishia mashine mbili kwa waya. Nimeona mtu akijaribu kulilazimisha lipokee kifaa cha chiti, na akavunja pini. Kijana mmoja wa Tukuyu alinijia na PS one mkononi na GameShark ikiwa bado kwenye boksi lake, ameagiza mtandaoni. Nilimwambia hapa kuna njia mbili: tafuta diski ya chiti, inayowashwa kwanza kisha unabadilisha na kuweka gemu, au mwuzie mwenye 7502. Aliuza. Mimi binafsi ningefanya hivyohivyo, kwa sababu diski za chiti za PlayStation ya kwanza zinasumbua, na lenzi za mashine hizi zimeshazeeka. Kila kuwasha na kubadilisha diski ni kuichosha lenzi bure.

Kama tundu lipo na kifaa bado hakisomi, usikimbilie kulaumu toleo. Huku kwetu vifaa hivi vinaugua kutu ya shaba kuliko kitu kingine. Mashine ikikaa stoo Uyole au Makambako msimu mzima wa mvua, halafu Juni inaletwa kwenye chumba chenye jiko la mkaa, umande unaganda ndani yake. Iache ikae nje ya boksi saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Kisha safisha meno ya kifaa kwa isopropili, ile spiriti ya kusafishia. Mafundi simu wote wanayo, mwombe akuuzie kidogo. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi, na utando ukiwa mgumu pitisha raba ya penseli kwa upole. Tina ya rangi usiiguse, inayeyusha plastiki. Na ile tabia ya kupuliza kwa mdomo, tuliyoizoea sote tangu enzi za kaseti, inaongeza unyevu palepale unapotaka pakauke. Jambo la mwisho: usichomeke wala kuchomoa kifaa mashine ikiwa inawaka.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, maana hapa ndipo watu hupotea hata wakiwa na mashine sahihi. Chiti ya kifaa si uchawi. Ni amri fupi: nenda mahali fulani kwenye kumbukumbu ya mashine, andika thamani fulani, na endelea kuiandika kila mara. Kwenye PlayStation ya kwanza inakuja na tarakimu nane kisha nne. Ikianza na 80 inaandika thamani ya baiti mbili, ikianza na 30 inaandika baiti moja, na ikianza na D0 inasubiri sharti litimie, kwa mfano mpaka ubonyeze kitufe fulani. Ni sawa na kumwambia bodaboda "nyumba ya tatu baada ya kanisa." Akiwa Soweto atafika, akiwa Ilomba, kanisa ni jingine na nyumba ya tatu ni ya mtu asiyekujua. Gemu la Marekani na gemu hilohilo la Ulaya hayapangi vitu mahali pamoja kwenye kumbukumbu. Ukiingiza namba za toleo lisilo lako, bahati njema ni kwamba hakuna kitakachotokea. Bahati mbaya ni gemu kuganda, au picha kuchanika, au sevu (gemu ulilolihifadhi) kuharibika.

Toleo unalijua kwa herufi zilizo kwenye diski au jaketi lake. SLUS ni Marekani. SLES na SCES ni Ulaya. SLPS na SLPM ni Japani. Chukua gemu la GTA San Andreas la PS2, yaani PlayStation ya pili: ya Marekani ni SLUS-20946, ya Ulaya ni SLES-52541. Ukikuta orodha ya chiti mtandaoni isiyosema ni ya namba ipi kati ya hizo, ipite. Na hata namba zikifanana, gemu linaweza kuwa lilichapishwa upya likiwa limerekebishwa, na baadhi ya chiti zikagoma. San Andreas ni mfano mzuri wa hilo.

Tatizo letu la Mbeya ni kwamba diski nyingi za mitaani hazina jaketi wala namba. Zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, basi. Ziweke kwenye kompyuta, fungua faili liitwalo SYSTEM.CNF, utaona namba ndani. Ukikuta SLES, tafuta chiti za SLES. Zile diski za gemu la mpira wa miguu zilizochakachuliwa kuwekewa majina mapya ya wachezaji ni kesi nyingine: namba inabaki ileile ya zamani, lakini aliyezitengeneza huenda amegusa programu yenyewe. Hapo chiti ikikubali, shukuru Mungu na usiulize zaidi.

PS2 ndiyo mashine ninayoipendekeza kwa mtu wa sasa anayetaka chiti, ila nayo ina mitego. Wa kwanza ni kudhani kwamba namba za chiti zinahama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Action Replay, GameShark na CodeBreaker, ambayo nayo ni diski ya chiti, kila moja ilifunga namba zake kwa njia yake, makusudi kabisa, ili ukinunua chao ubaki kwao. Namba za Action Replay ukiziingiza kwenye CodeBreaker zinasomeka kama upuuzi. Ipo programu ya kompyuta iitwayo Omniconvert inayozibadilisha kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, au kuzirudisha kwenye hali yake ghafi. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta dhaifu. Na usisahau ile chiti mama, mara nyingi imewekewa alama ya (M): bila kuiwasha hiyo kwanza, zilizobaki zote zimelala.

Mtego wa pili ni diski ya chiti iliyokopiwa. Diski halisi ya Action Replay huwaka kwenye PS2 isiyo na chipu, yaani kile kidude kinachofungwa ndani ili mashine isome kopi. Kopi iliyochomwa kwenye CD tupu haiwaki kwenye mashine hiyohiyo. Mtu anauziwa kopi kwa bei ya vocha, anadhani amepata bahati, kumbe ameuziwa kioo cha kujitazamia. Kwa upande mwingine, mashine iliyowekwa chipu nayo wakati mwingine hugombana na diski halisi, ikalazimu kuizima chipu kwa muda kama ina namna ya kuizima. Na kama mashine yako ni ile nyembamba iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, tafuta toleo la diski lililotoka baada ya hapo.

Wa tatu ndio unaowakuta wenye vibanda. Siku hizi PS2 nyingi hazisomi tena diski. Lenzi imekufa, na gemu zinachezwa kutoka kwenye flashi kupitia programu ya Open PS2 Loader, inayowashwa na memori kadi yenye Free McBoot, programu inayoiwezesha PS2 kuwasha programu kutoka kwenye kadi. Mtu anawasha CodeBreaker, anachagua chiti, CodeBreaker inamwambia weka diski ya gemu. Diski haipo, gemu liko kwenye flashi. Amefika ukutani. CodeBreaker haijui habari za flashi yako. Dawa ni kuachana nayo na kutumia mfumo wa chiti uliomo ndani ya Open PS2 Loader yenyewe. Tengeneza folda iitwayo CHT kwenye flashi, weka ndani yake faili la maandishi lenye jina la namba ya gemu, kwa mfano SLES_525.41.cht, likiwa na chiti mama na chiti ghafi (zisizofungwa kwa mfumo wa kampuni yoyote) chini yake. Kisha kwenye mipangilio ya gemu hilo, washa chiti. Jina likikosewa nukta moja tu, faili halisomwi, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia kosa liko wapi. Hii ndiyo njia ninayowafungia wateja wangu siku hizi, na haigharimu kifaa chochote cha ziada.

Kabla ya kununua memori kadi ya Free McBoot, pindua tena mashine. SCPH-90004 na wenzake wa mfululizo wa 90000 ndio wa mwisho mwisho, na zile zilizotengenezwa mwishoni zaidi zilifungiwa mlango ambao Free McBoot huingilia. Ukikuta mashine ya namba hiyo, jaribu kadi kwanza mbele ya muuzaji ndipo ulipe.

Kuhusu kaseti nitapita haraka, kwa sababu huku hazipo nyingi. Zile gemu za TV za Kichina zenye kaseti ya "9999 in 1" zimeiga Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, na kaseti zake zina pini 60. Game Genie, kifaa cha chiti cha NES (mashine hiyohiyo ya Nintendo kwa masoko ya Marekani na Ulaya), ilitengenezwa kwa kaseti za pini 72. Haziingiliani, achana na wazo hilo. Mwenye NES halisi ya kusukuma kaseti kwa mbele naye ajue kwamba Game Genie ina ubao mnene unaotanua meno ya ndani. Ukiizoea sana, kaseti za kawaida zinaweza kugoma kusoma bila yenyewe.

Nintendo 64 ina shida ya aina yake. Mzee mmoja wa Iringa aliletewa na mwanawe kutoka Uingereza, pamoja na Action Replay ya kukaa kati ya mashine na kaseti. Gemu nyingi ziliwaka, Yoshi's Story ikagoma. Kaseti za mashine hiyo zina chipu ndogo ya ulinzi, na chipu hizo ni za aina zaidi ya moja. Kifaa cha chiti huwaka kikiwa kimejipanga kwa aina ya kawaida. Kwa gemu zenye aina nyingine lazima uingie kwenye menyu yake na kuchagua ufunguo unaolingana na gemu hilo, huku gemu la kawaida likiwa limechomekwa. Ukimaliza unazima, unaweka lile gemu lililogoma, unawasha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, wewe nifanyie tu, mimi nitakutafutia viazi."

Umeme usisahau. Mashine ya Marekani inategemea volti 120, ya Japani 100. Kwetu ukutani ni 230. Bila transfoma ya kushusha, utasikia mlio mmoja na kunusa harufu, na hapo habari ya chiti imeisha.

Na wengine wala hawahitaji kifaa. San Andreas ina chiti zake za kubonyeza kwenye pedi, na hizo hazijali kama mashine ni nene au nyembamba, ina chipu au haina, gemu liko kwenye diski au flashi. Ukiwa unacheza bonyeza R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: unapata afya, kinga ya mwili na dola 250,000 za ndani ya gemu. Ila kabla ya kucheza na chiti yoyote, iwe ya kifaa au ya pedi, nakili sevu yako kwenye memori kadi nyingine. Ile inayowafanya wapita njia wote wakuvamie na silaha haizimiki. Ukisevu baada ya kuiwasha, itabidi uishi na hao watu kila ukifungua gemu, au ufute sevu uanze upya.