Jibu: Babu alitokea Maskati au Shihiri?

Mkuu, umesema babu alishuka Dar na jahazi, shangazi anadai katokea Maskati kule Oman, baba mdogo anang'ang'ania Shihiri. Usiwaamini wote wawili haraka hivyo. Shihr ni bandari tu ya Hadhramaut kule Yemen, ila hapa kwetu karibu kila aliyetoka pande zile aliitwa Mshihiri hata kama kwao ni bara huko ndani.

Anza na jina la ukoo, likianza na Ba kama Bawazir au Bajaber basi Oman weka pembeni kwanza maana hayo ni ya Kihadhrami. Alafu muombe shangazi msahafu wa zamani, sisi wa kwetu tuliukuta Kariakoo chini ya kabati umefungwa kwenye kanga, ukurasa wa mwisho kuna tarehe za watoto kuzaliwa, herufi za Kiarabu ila lugha Kiswahili kitupu, na miaka ya Hijria kwahiyo ilibidi tukae na kalkuleta jioni nzima.

Nyaraka za Taifa pale Upanga nenda mwishoni, ukianzia huko utazama kwenye mafaili ya Mjerumani na hata jina la baba yake babu huna. Jina la ukoo linaanzaje kwani?