Mashine ya gemu: kabla ya kushika bisibisi

Fundi mpya hupoteza muda mwingi akitengeneza kisichoharibika. Kwenye Space Invaders ya 1978, maadui wakipungua waliobaki hukimbia mbio. Usitafute ubovu: prosesa yake, Intel 8080, husogeza adui mmoja kwa kila picha inayochorwa kwenye skrini, kwa hiyo wakiwa wachache zamu ya kila mmoja hurudi haraka. Pac-Man ya 1980 nayo huhesabu hatua (leveli) kwa biti 8, na biti 8 hazivuki 255. Mchezaji akifika hatua ya 256, nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na alama zilizovurugika. Badilisha chipu zote ukitaka, itarudi vilevile.

Ubovu wa kweli anza kuutafuta kwenye umeme. Mashine nyingi zilizokuja baada ya 1985 zinafuata mpangilio wa JAMMA, yaani kiwango cha pamoja cha kuunganisha bodi ya gemu na mashine: soketi ya pini 56, yaani 28 kila upande. Bodi hula volti 5, na hizo uzipime kwenye bodi yenyewe huku gemu ikiendelea. Ukipima kwenye paua saplai (kifaa kinacholisha bodi umeme) utadanganyika, maana waya mwembamba na pini chafu hupunguza volti njiani. Lenga 5.0 hadi 5.1. Zikishuka sana, gemu hujiwasha upya au picha huchafuka, ukivuka 5.25 unazihatarisha chipu. Kwa hiyo safisha pini kwanza kwa spiriti, upime tena, ndipo uguse skrubu ya kurekebisha volti kwenye paua saplai. Wengi hukimbilia skrubu.

Mpangilio huo una upungufu wake. Kila mchezaji ametengewa vitufe vitatu tu, ilhali Street Fighter II, gemu ya mapigano, inataka sita: vitatu vya ngumi, na vitatu vya mateke vinavyopitia soketi ya ziada. Ngumi zikifanya kazi na mateke yakagoma yote, acha vitufe, kagua soketi hiyo.

Skrini ya kioo cha zamani usiiguse kwa nyuma, hata ikiwa imechomolewa: inaweza kubaki na maelfu ya volti. Mwachie aliyefundishwa kuiondolea chaji.

Ukinunua bodi ya CPS-2, ya kampuni ya gemu ya Capcom, uliza betri ilibadilishwa lini. Funguo za kufumbua programu hukaa kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri hiyo ya volti 3.6. Ikifa, gemu haiwaki, na betri mpya peke yake haitoshi. Funguo lazima ziandikwe upya. Muuzaji asiyejua jibu, punguza bei.