Asubuhi inawaka, ikipata joto inagoma

SWALI: Mafundi, salaam. Natunza uwanja wa michezo wa shule hapa Tabora mjini. Mashine yetu ya kukata nyasi ni ile ya kukalia, ya petroli, silinda moja, farasi 17 na nusu. Asubuhi inawaka kwa stata moja. Nikikata dakika hamsini hivi nikaizima ili nihamishe magoli, haiwaki tena mpaka ikae kivulini dakika arobaini. Stata inazungusha vizuri tu. Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta. Fundi mmoja anasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Niifungue?
Mtunza uwanja, Tabora

JIBU: Usiifungue. Ringi zikiisha, dalili zake utaziona hata asubuhi: moshi wa bluu, oili inayopungua, plagi yenye masizi yaliyolowa. Ugonjwa wako unakuja na joto na kuondoka na joto, kwa hiyo upimwe joto likiwepo. Watu wengi huingoja mashine ipoe ndipo watafute spana. Hapo kila kifaa kimeshajirudi, kila kipimo kinasema kizima, na vipuri vinanunuliwa kwa kubahatisha. Mgonjwa wa homa anapimwa akiwa na homa.

Kabla hujapanda, weka tayari plagi ya akiba, spana ya plagi, bisibisi na koleo lenye mpini wa plastiki. Kata nyasi kama kawaida, kisha zima palepale inapozoea kugoma, penye kivuli cha mwembe kama kipo, maana juani cheche haionekani. Toa gia, zima visu, funga breki. Una kama dakika kumi za kufanya kazi.

Anza na cheche. Chomoa kofia ya waya wa plagi, lakini plagi iliyo kwenye silinda iache imefungwa ili tundu lisiteme mvuke wa petroli karibu na cheche. Ivike kofia hiyo plagi ya akiba iliyowekwa pengo la milimita 0.76, uishike kwa koleo, chuma chake kiguse chuma cha injini kisicho na rangi. Mwenzio akae kitini akanyage breki, maana swichi za usalama zinataka hivyo, apige stata sekunde tano. Cheche ya bluu inayosikika ikilia ni nzima. Ikiwa ya njano na nyembamba, au inakuja na kupotea, tatizo liko upande wa umeme.

Lakini usikimbilie kununua koili, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye ufunguo na swichi ya kiti. Kazi yake ni kuzima injini: waya huo ukigusa chuma, cheche inakufa. Ganda la waya huo likichubuka pale unapopita chini ya kava la feni, joto hulilainisha na waya ukafika kwenye chuma. Uchomoe upande wa koili, kisha rudia kipimo kilekile, kofia ikiwa bado kwenye plagi ya akiba. Cheche ikirudi, koili yako ni nzima. Fuata waya mpaka upate mchubuko, au swichi iliyoharibika. Usiendeshe mashine waya huo ukiwa nje, maana ufunguo hautaizima na ukianguka kitini injini itaendelea kuvuma.

Cheche isiporudi, koili imekwisha. Ndani yake kuna nyaya nyembamba kama unywele na kipande kidogo cha elektroniki, vyote vimezikwa ndani ya gundi ngumu. Joto huvitanua, palipo na ufa panaachana. Ikipoa panagusana tena. Ndiyo maana mita ya fundi haioni kitu asubuhi. Ukifunga mpya, pengo kati ya miguu ya koili na sumaku ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) liwe milimita 0.25 hadi 0.36. Kadi ya kawaida ya biashara inatosha: ichomeke katikati, acha sumaku ivute koili, kaza bolti, zungusha flaiwili kwa mkono kadi itoke. Kabla ya kuagiza Dar, piga picha namba za modeli, taipu na msimbo zilizogongwa kwenye kava la injini. Koili isiyofanana itakugharimu nauli ya basi mara mbili.

Cheche ikiwa nzima, nenda kwenye mafuta. Fungua mfuniko wa tangi polepole huku ukisikiliza. Mfuniko ukivuta hewa ndani, kitundu chake kimezibwa na vumbi, nalo vumbi la kiangazi la Tabora linajulikana. Angalia pia mrija wa petroli usilale karibu na ekzosi, kwani petroli itachemka ndani yake na kabureta kupokea mvuke. Kama kabureta yako ina solenoidi (kizibo cha umeme kinachofungulia petroli) chini ya bakuli, ufunguo ukiwashwa lazima ilie "ta" hata ikiwa ya moto.

Cheche ipo, petroli inafika, bado inagoma? Hapo fundi wako amekaribia ukweli bila kuufikia: kompresheni, yaani mkandamizo wa hewa ndani ya silinda, inapotea, ila mwizi ni valvu ya ekzosi. Shina lake hurefuka kwa joto. Tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ikiwa imebana, valvu haikai sawasawa kwenye kikalio chake na hewa inatoroka. Kipimo hiki pekee kifanye injini ikiwa baridi kabisa. Peleka pistoni juu kwenye mkandamizo, kisha ishushe milimita 6. Kwa injini nyingi za kampuni ya Briggs & Stratton za silinda moja zenye valvu juu, nafasi ya valvu ya kuingiza iwe milimita 0.08 hadi 0.13, ya ekzosi 0.13 hadi 0.18. Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo.

Na vyovyote utakavyokuta, fungua kava la feni. Nyasi kavu hujishindilia katikati ya mapezi ya silinda kama kiota cha ndege, hewa isipite. Zikwangue kwa kijiti na brashi. Usimwagie maji injini ya moto.

SWALI: Yangu ikiwa ya moto stata inazungusha nusu mzunguko inakwama. Betri mpya.
Msomaji, Kigoma

JIBU: Pima betri hiyo mpya: ikipumzika iwe volti 12.6, stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, kwangua vichwa vya betri na bolti ya waya wa hasi kwenye chasisi. Ikiwa iko sawa, pima tapeti kwa njia tuliyomwambia mwenzio wa Tabora, ila wewe unatafuta nafasi iliyozidi. Kemishafti, mhimili unaofungua valvu, ina kinundu kidogo kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili stata isielemewe. Nafasi ikiwa kubwa, kinundu hakiifikii valvu, na stata inapambana na kompresheni nzima.