Wadogo zangu, acheni hiyo -f

Juzi hapa Bukavu nimemkuta mdogo wetu wa kazini anaandika `btrfs property set` (Btrfs ni mfumo wa Linux wa kuhifadhi mafaili) ili snapshoti, yaani picha ya mafaili ya wakati fulani, iliyopokelewa kwenye seva ya bekapu iandikike. Programu ikamkatalia. Akaongeza -f ya kulazimisha, akaendelea kunywa chai. Aliyepaliwa ni mimi.

1. Namba ya sabvolyumu (tawi la mafaili linalojitegemea ndani ya Btrfs; snapshoti nayo ni sabvolyumu) si UUID, kile kitambulisho kirefu cha kipekee. Sabvolyumu ya juu kabisa ni 5, zenu zinaanzia 256, na namba iliyofutwa hairudi. Lakini namba inajulikana ndani ya mfumo huo huo tu. Ukihamia seva nyingine, kitambulisho ni UUID.

2. Kwenye fstab, faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi ikiwaka, andikeni `subvol=` (jina), si `subvolid=` (namba). Siku ya kurudisha snapshoti mtanishukuru.

3. Received UUID, yaani kitambulisho cha snapshoti ya asili ambacho nakala iliyopokelewa inakibeba. Hapa niliungua. Nikiwa mgeni kazini, diski ya bekapu ilijaa. Inverta inalia, mvua inakuja, na mimi nataka kufika Kadutu kabla njia haijawa tope. Nikafungua snapshoti ya mwisho (enzi hizo programu haikukatalia mtu), nikafuta folda ya fakitire (ankara) za zamani, nikaifunga tena. Kwani si ziko kwenye seva kubwa? Na nafasi yenyewe sikuipata, maana snapshoti za nyuma zilikuwa bado zimezishikilia.

Received UUID ilibaki ileile. Usiku `send -p`, amri ya kutuma kwa kulinganisha na snapshoti ya nyuma (mzazi), ikatuma tofauti tu. `Receive` ya upande wa bekapu ikamtafuta mzazi kwa UUID hiyo, ikamkuta, ikaamini hajaguswa. Fakitire hazikuwa zimebadilika, basi hazikutumwa, wala hakuna kosa lililoandikwa popote. Kila bekapu ikazaliwa bila folda ile, na zile za nyuma skripti ikazifuta moja moja. Miezi minne. Kisha diski ya seva kubwa ikafa.

Mama mhasibu akasimama mlangoni: "Mwanangu, fakitire zangu ziko wapi?" Jibu nilikuwa nalo, mdomo ndio sikuwa nao. Tuliziingiza upya kutoka kwenye makaratasi, wiki tatu, Jumapili zikiwemo, na mama yule hakunitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Mkitaka kuandika, pigeni snapshoti ya kuandikika juu ya ile: inapata UUID yake, na received inabaki tupu. Amri moja tu, jamani!

4. Diski iliyonakiliwa nzima kwa amri ya `dd` ina UUID ileile ya mfumo mzima. Msiichomeke pamoja na mama yake. Nakala ipate mpya kwanza kwa `btrfstune -u`.

Yule wa chai, kwa kuwa snapshoti yake haifai tena kuwa mzazi, nimemwambia atume bekapu nzima upya, bila -p. Intaneti yetu mnaijua. Mpaka sasa inapanda.