Mhadhiri mpya wa kompyuta: anzia kwenye kazi za wanafunzi, si kwenye majina ya masomo

Ukianza kufundisha kompyuta chuoni, mapema tu utasikia vikaoni kwamba wahitimu hawaajiriki, na dawa itakayotajwa haraka ni kuongeza somo: la akili mnemba, la usalama wa mtandao na mengine ya namna hiyo. Tunakushauri usianzie huko. Kubadili jina la somo, krediti zake au matokeo tarajiwa kunapita idarani, kwenye ndaki, seneti na, kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kibali kikitoka, huenda wanafunzi uliowalenga wamekwisha kuhitimu. Lakini kazi unazowapa na namna unavyogawa alama za muhula viko mikononi mwako tangu muhula ujao, na humo ndimo pengo kubwa lilipo.

Pengo lenyewe ni hili. Kwa miaka mitatu mwanafunzi huandika programu mpya, mara nyingi peke yake, huionyesha mara moja, kisha huitupa. Kazini hukabidhiwa mfumo ulioandikwa na watu waliokwisha kuondoka, wenye taarifa za wateja halisi, na hutakiwa abadilishe kitu kimoja bila kuharibu vingine. Hajawahi kulifanya hilo hata mara moja. Kwa hiyo somo la uhandisi wa programu, au la hifadhidata, lianze na mfumo wa kurithi.

Chukua mradi wa mwaka wa mwisho uliokwisha kusahihishwa, wenye mistari kama 3,000, kwa ridhaa ya maandishi ya waliouandika. Ondoa taarifa zote za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyuo pia. Ondoa na nywila. Wengi hapa hufuta faili la nywila wakadhani limekwenda, kumbe Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hutunza historia yote na yeyote anaweza kulifufua kwa amri moja. Nakili mafaili yaliyosafishwa kwenye hazina mpya (folda ya mradi inayosimamiwa na Git) isiyo na historia.

Kisha panda makosa, hasa yale yanayotokea kwetu. Acha amri ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, iundwe kwa kuunganisha maandishi, halafu sajili mteja anayeitwa Ng'wandu. Ile ritifaa (alama ya ') inafunga maandishi kabla ya wakati na usajili unagoma. Mwanafunzi akishaona hivyo, ataelewa kwa nini thamani hupitishwa kama vigezo, yaani zikitengwa na amri yenyewe, na kwamba ufa huohuo ndio anaopitia mdukuzi. Hifadhi namba ya simu kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mwanzo ya 0712 ipotee. Zaidi ya yote, weka malipo ya simu. Jibu la muamala linaweza kuja mara mbili, au lisifike kabisa kwa sababu seva yako ilikuwa imezimika umeme ulipokatika. Mfumo wenye kosa utamwongezea mteja salio mara mbili, au utamwambia hajalipa ilhali pesa imekwisha kukatwa. Wanafunzi wafikie wenyewe suluhisho lenye sehemu mbili: namba ya muamala izuiwe kujirudia ndani ya hifadhidata yenyewe, na pawe na kazi ya kila dakika chache inayouliza hali ya miamala isiyojibiwa. Kwa walioko Kenya, Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, ina mazingira ya majaribio yasiyogusa pesa halisi. Wajifunze kushughulikia jibu 1032, yaani mteja amesitisha mwenyewe, kwa uangalifu uleule wanaoupa jibu 0 la mafanikio.

Makundi yawe ya watu wanne. Wakiwa sita, wawili hujificha. Wakiwa wawili, mmoja akiugua kazi inasimama. Pima pia muda. Krediti moja ya TCU ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo somo la krediti 12 kwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki. Ukitoa saa 5 za mihadhara, semina na maabara, zinabaki 3. Mradi unaomdai kila mwanafunzi saa 10 kwa wiki utafanywa na mmoja wa kundi, na watatu watatia majina tu.

Bando lisiwe kisingizio. Git hufanya kazi bila intaneti, na kompyuta moja ya zamani ya maabara inatosha kuhifadhi hazina za darasa zima kwenye mtandao wa ndani. Kinachomaliza bando ni maktaba za programu. Zipakue mara moja, uziweke kwenye kompyuta hiyohiyo.

Alama ndizo zinazoelekeza juhudi. Kama una alama 40 za kazi za muhula, 10 ziende kwenye jaribio la katikati ya muhula, 10 kwenye majaribio ya programu (msimbo unaokagua kama programu inafanya kazi sawa) wanayoandika wenyewe, 8 kwenye mapitio ya mabadiliko ya wenzao, na 12 kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Mahojiano hayakwepeki, kwa kuwa tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, msimbo unaofanya kazi si ushahidi tena kwamba aliyeuleta anauelewa. Mfungulie mwanafunzi faili lake, mwambie malipo yaliyo chini ya shilingi 1,000 yakataliwe, akuonyeshe pa kugusa na jaribio litakaloanguka. Kwa dakika 8 kila mmoja, wanafunzi 120 ni saa 16. Mkigawana na msaidizi mmoja kwa wiki nne, ni saa 2 kwa wiki kila mtu.

Atatokea mtu apendekeze kukata hisabati ili nafasi ipatikane. Kataa kwa nguvu zote. Miundo ya data na hisabati tenganifu (discrete mathematics) vilikuwamo kwenye mtaala wa mwaka 1968 wa ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, na mwongozo wa mitaala ya kompyuta wa CS2023 umeongezea uzito takwimu na aljebra ya mstari, kwa kuwa akili mnemba imesimama juu ya hisabati hizo.

Waajiri nao wasikilizwe, ila ukiwauliza wanataka nini watakutajia zana wanazotumia mwaka huu. Waulize mwajiriwa mpya wa mwisho alifanya kazi gani katika miezi mitatu ya kwanza ikabidi irudiwe, na kwa nini. Waulize watu wa benki, wa kampuni ya simu na wa kampuni ndogo, maana majibu yao hutofautiana. Kila kosa watakalolitaja, lipande kwenye mfumo wa kurithi wa mwaka unaofuata.