Maswali yenu: Uongozi bila kadi ya chama

Shikamoo mwandishi. Sina kadi ya chama chochote, ila majirani wananitaka niwe mwenyekiti wa mtaa. Inawezekana? (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba. Kwa sheria ilivyo, hapana. Lazima chama kikudhamini. Kwa urais na ubunge sharti hilo limo ndani ya Katiba, Ibara ya 39 na 67. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki zake. Sharti bado lipo. Linaniuma, maana watu kama wewe ndio wanaogongewa mlango usiku pakitokea msiba.

Baba anasema enzi zao walichagua mtu, si chama. Kweli? (Pangani)

Nusu yake. Kuanzia 1965 jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, huyu kwa alama ya jembe, huyu ya nyumba, na watu waliangusha vigogo: Paul Bomani, waziri wa fedha, alikosa kiti mwaka huohuo. Lakini majina yote mawili yalipitishwa na chama kwanza. Kwenye urais jina lilikuwa moja, ndiyo au hapana.

Eti kuna wanaotaka viongozi wapatikane kwa bahati nasibu. Si mzaha? (Mama wa Ngamiani)

Si mzaha, dada yangu. Neno "kura" tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni hiyo hasa. Nanyi mnaocheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu mnaijua: vikaratasi vinakunjwa, kila mmoja anaokota zamu yake, na hakuna wa kumlaumu kijumbe kwamba kampendelea shoga yake.

Athens ya kale iliwapata hivyo wajumbe 500 wa baraza lake, kwa zamu ya mwaka mmoja. Ireland nayo mwaka 2016 iliteua kwa bahati raia 99 wa kawaida, wakawasikiliza wataalamu na kujadili kifungu cha katiba kuhusu utoaji mimba. Walipendekeza kibadilishwe, na 2018 taifa zima likapiga kura na kukubali.

Ila Athens hiyohiyo majemadari wake iliwachagua kwa mikono juu, maana vita havimngoji anayejifunza. Nami nasimama hapo. Mwenyekiti achaguliwe. Wanaokagua fedha za zahanati ndio waokotwe, kwa sababu aliyeokotwa hadaiwi fadhila na aliyemnunulia fulana za kampeni. Na wapewe posho: mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga akishinda kikaoni, jioni nyumbani hakuna kitoweo.

Kuna nchi isiyo na vyama kabisa? (Mabokweni)

Tuvalu, visiwa vidogo vya Pasifiki. Wabunge huingia kila mtu kivyake, kisha humchagua waziri mkuu wao kwa wao.

Sisi tuanzie wapi? (Kikundi cha vikoba, Makorora)

Kwenye kikundi chenu. Mwenyekiti na mweka hazina wapigieni kura kama kawaida. Wakaguzi wa hesabu, kunjeni vikaratasi, mtoto aokote mbele ya wote.