Nachapwa raundi ya mwisho kwenye mita 1500, niongeze spidi?

SWALI: Habari kocha. Nina miaka 18, niko kambi ndogo huku Bonde la Ufa. Mita 800 nimekimbia 2:10 na 1500 nimekimbia 4:29, zote uwanja mmoja wa udongo, mwezi mmoja. Shida yangu ni raundi ya mwisho, wenzangu wanapiga kiki, wanafyatuka kumaliza, mimi nabaki kama nimefungwa kamba. Kocha wetu ameniongezea 200 za kasi mara tatu kwa wiki na bado sioni tofauti. Namfuatilia sana Faith Kipyegon, bingwa wetu wa 1500, yeye ile finishi aliitoa wapi? Alafu nyumbani wananiambia nifanye haraka manake mwanamke akishazaa mbio zimeisha. Ni kweli?

JIBU: Asante dadangu kwa kuweka taimu za mbio zote mbili, wengi huniandikia tu "kocha sina spidi" wanaishia hapo na mimi nabaki kukisia.

Tuanze na hesabu. Raundi moja ni mita 400, kwa hivo 2:10 ni sekunde 65 kwa raundi. 4:29 ni sekunde 269, gawa kwa raundi 3.75 unapata kama 71.7. Yaani ukitoka 800 kwenda 1500 kila raundi inaongezeka karibu sekunde 7. Sasa mchukue Faith. 800 yake bora ni 1:57.68, aliikimbia Doha 2020, hiyo ni 58.8 kwa raundi, na 1500 yake ni 3:48.68, rekodi ya dunia aliyoweka Eugene Julai 2025, ukigawa unapata 61.0. Tofauti ni sekunde 2 na kidogo tu. Najua 800 huwa anaikimbia mara moja moja, angeitafuta kwa bidii labda ingeshuka, na najua pia wewe unakimbilia kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi ambako hewa nyepesi inaumiza 1500 kuliko 800, kwa hivo tuseme sekunde moja au mbili kati ya zako 7 ni za mwinuko na si zako. Bado zinabaki 5.

Mimi nikiona pengo kama hilo habari ya spidi naiweka kando kabisa. Spidi unayo, mtu anayepita raundi mbili kwa 65 hawezi kuniambia 72 ni mbio kali kwake, miguu yake ilifaa kuiona kama matembezi. Kinachokukosa ni injini ya kubeba hiyo 72 bila kuanza kujaa asidi miguuni raundi ya pili. Watu husahau kwamba ata 800 zaidi ya nusu ya nguvu inatoka kwa hewa unayovuta, na kwa 1500 ni asilimia 80 na kitu. Kiki ni chenji iliyobaki mfukoni kengele ikilia, na wewe ikilia ushatumia yote. Fanya jaribio dogo, shindana 200 na hao wenzako asubuhi mkiwa mmepumzika, sitashangaa ukiwashinda.

Ndio maana zile 200 mara tatu kwa wiki hazikusaidii, unanoa panga ambalo tayari ni kali na mkono ndio umechoka.

Finishi ya Faith sasa. Watu wanaangalia Olimpiki ya Rio 2016, pale mwanzo walienda pole mno, alafu yeye na Genzebe Dibaba wa Ethiopia wakafyatuka na Faith akamaliza 4:08.92 na dhahabu, basi wanasema "huyu ni spidi tu". Lakini angalia alikotoka. Huyu msichana wa Keringet dunia ilimjua kwenye mbio za nyika, 2010 kule Bydgoszcz akiwa na miaka 16, anakimbia peku, akawa wa nne mbio za vijana. 2011 Punta Umbría akashinda, peku tena. Mwaka huo huo akachukua 1500 ya dunia ya wenye chini ya miaka 18 kule Lille, 2012 akachukua ya vijana Barcelona, na unajua 2013 alienda wapi? Alirudi nyika, Bydgoszcz, akashinda tena. Yani tayari ana mataji mawili ya dunia kwenye uwanja na bado anatafuta matope. Injini ilijengwa kwanza, finishi ikakaa juu yake.

Na ukifuatilia kazi yake yote utaona kitu kingine, kadiri injini ilivyokua ndivyo alivyoacha kungoja raundi ya mwisho. Rio wastani ulikuwa sekunde 66 kwa raundi, London 2017 kama 65, Tokyo 2021 akakimbia 3:53.11 ambayo ni 62, Paris 2024 3:51.29, chini ya 62. Siku hizi anawachosha wenye kiki kabla kiki haijafika, na hiyo nguvu ndio ilimwezesha 2023 kuvunja rekodi ya 1500 Florence (3:49.11), wiki moja baadaye ya 5000 Paris (14:05.20), alafu Julai ya maili kule Monaco (4:07.64). Ndani ya siku 50! Alikuwa na miaka 29. Kutoka ile nyika ya kwanza ni miaka 13.

Kuna njia nyingine sitaificha, ya Pamela Jelimo. Yeye alitokea 400, akahamia 800 mwaka 2008 na mwaka huo huo akiwa na miaka 18 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, 1:54.87 Beijing, alafu 1:54.01 Zürich na dola milioni 1 za Golden League, mfululizo wa mashindano makubwa wa wakati huo. Ilikuwa ajabu, mimi bado hurudia kutazama zile mbio. Lakini chini ya 1:55 hakuwahi kurudi tena. Na Jelimo alikuwa na miguu ya 400, wewe kwa taimu zako huna, kwa hivo njia yako ni ile ya nyika.

Cha kufanya. Toa siku mbili za 200 kati ya zile tatu, hiyo moja ibaki. Wiki iwe na mbio ndefu moja ya dakika 65 hadi 75, polepole kabisa, ukishindwa kupiga stori na mwenzako punguza mwendo. Siku nyingine tempo ya dakika 20, ile kasi unaweza kutoa maneno matatu manne basi. Siku ya uwanja fanya 1000 mara tano, kama 3:20 hivi kwa udongo wenu, ukipumzika dakika mbili na nusu, na ukimaliza ya tano subiri dakika moja tu upige 300 moja kwa nguvu yote. Hiyo 300 ndio mazoezi yako ya kiki, manake unaipiga na miguu iliyochoka kama itakavyokuwa siku ya mbio. Kilima sekunde 10 mara nane baada ya mbio nyepesi, mara moja kwa wiki, spidi isilale. Siku zilizobaki ni nyepesi na moja ni ya kulala.

Kama unaongeza kilomita, ongeza na chakula. Nauliza wazi kwa sababu makocha wengi wanaume wanaona haya: hedhi yako inakuja kila mwezi? Ikikatika miezi mitatu usifurahi ati umekuwa mwepesi, ni mwili unakuambia haupati chakula cha kutosha, na kinachofuata mara nyingi ni mfupa kupata ufa. Nenda kliniki, na uwaombe wapime damu na akiba ya madini ya chuma. Nimeona wasichana wakifokewa msimu mzima eti wavivu kumbe damu ndio ilikuwa chini.

Hilo la kuzaa, waambie nyumbani hivi. Faith alipata binti 2018, na kabla ya hapo 1500 yake bora ilikuwa 3:56.41. Rekodi zake zote za dunia zimekuja baada ya mtoto. Na Lilian Odira aliyeshinda 800 ya mashindano ya dunia Tokyo 2025 kwa 1:54.62, akafuta rekodi ya mashindano iliyokaa tangu 1983, ni mama wa watoto wawili. Sisemi ni rahisi, Faith alikaa nje mwaka mzima na zaidi na alikuwa na watu wa kumshikia mtoto, kwa hivo ukiamua kuzaa au kungoja iwe ni kwa sababu zako, saa ya mbio isikukimbize.

Fuata hii wiki nane, alafu kimbia 1500 uwanja ule ule, mtu akae na saa aandike kila 400. Nitumie hizo namba, na 800 usiiguse mpaka hapo.